Baba alikuwa Juba wiki ya kura na hakupiga: je, aliikosea nchi yake?

*Shikamoo. Baba yetu alizaliwa Torit, Sudan Kusini, akakimbia vita, na kwa miaka mingi alikuwa dereva wa lori kati ya Mombasa, Kampala na Juba. Sisi tulikuwa tukiishi Thika. Mwaka 2010, Wasudani Kusini walioko nje walipokuwa wakiandikishwa kwa ajili ya kura ya kujitenga, mama alikwenda kujiandikisha Nairobi. Baba ndiye aliyempeleka, lakini yeye mwenyewe alikataa. Alisema, "Nikijiandikisha halafu nisifike, nimempa adui kura." Wiki ya kupiga kura alikuwa ameshusha mzigo Juba. Aliziona foleni kwa macho yake na hakupiga. Baba alifariki mwaka jana. Kwenye matanga, baba mdogo alisimama akasema mbele ya watu kwamba marehemu aliikosea nchi yake siku ilipomhitaji. Tangu hapo ndugu hawasemezani vizuri. Naomba kujua: maneno ya baba yalikuwa na ukweli, au kilikuwa kisingizio? Kukosekana kwa watu kama yeye kulihatarisha ile asilimia 60? Na kwa kuwa jina lake halimo kwenye daftari, sisi watoto, ambao mpaka leo tuna kadi za ukimbizi, tutanyimwa uraia wa Sudan Kusini?*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Nianze na jibu lenyewe, maana naona limekukaa rohoni. Hesabu ya baba yako ilikuwa sahihi. Maneno aliyoyatumia yalizidi kidogo, na nitakuonyesha yalizidi wapi, lakini hesabu iliyokuwa ndani yake ndiyo waliyoipiga viongozi wa kusini wenyewe mwaka ule. Na kuhusu uraia wenu, kutokuwepo kwa jina lake daftarini hakuwafungii mlango. Hapo kuna jambo la kuangalia kwa makini, ila si hilo la daftari.

Sasa tulichambue taratibu, ili ukikaa na baba mdogo uwe na kitu cha kumwonyesha.

Haki ya kupiga kura ile ilitokana na mkataba wa amani uliosainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Namna ya kuipiga iliwekwa na sheria iliyopitishwa na bunge la Khartoum mwishoni mwa Desemba 2009. Sheria hiyo iliweka kufuli mbili. Kufuli ya kwanza: lazima angalau asilimia 60 ya watu walioandikishwa wafike wapige kura. Hii ndiyo akidi. Kufuli ya pili: upande unaoshinda upate zaidi ya nusu ya kura halali, yaani asilimia 50 na kura moja juu yake. Kama kufuli ya kwanza isingefunguka, kura za ndani ya masanduku zisingekuwa na nguvu hata kama zote zingesema kujitenga, na zoezi lingerudiwa ndani ya siku 60.

Watu wengi huchanganya mambo mawili hapa, na nadhani baba mdogo naye ameyachanganya. Kwanza hudhani asilimia 60 ilikuwa ya Wasudani Kusini wote wenye umri wa kupiga kura. Sivyo. Ilikuwa ya wale ambao majina yao yaliingia daftarini. Mtu ambaye hakujiandikisha hakuwa sehemu ya hesabu hiyo kabisa, si juu wala chini. Pili, hudhani kujitenga kulihitaji kuungwa mkono na asilimia 60. Hilo nalo sivyo, kwa sababu asilimia 60 ilihusu kufika tu, na mtu aliyechagua umoja akifika alihesabiwa kwenye akidi sawasawa na aliyechagua kujitenga.

Ukilielewa hilo la mwisho, umeelewa kwa nini baba yako alikuwa na wasiwasi. Chukua kijiji chenye watu 100 walioandikishwa. Watu 45 wanataka kujitenga na wanafika. Watu 20 wanataka umoja, nao wanafika. Waliofika ni 65, akidi imetimia, na kujitenga kumeshinda kwa 45 dhidi ya 20. Sasa wale 20 wabadili nia wabaki nyumbani. Waliofika ni 45 tu, wote wamechagua kujitenga, mia kwa mia, na kura imeanguka. Yaani wale 20 wakiwa foleni wanashindwa, wakilala majumbani wanashinda. Kanuni ya namna hii humpa mpinzani silaha asiyokuwa nayo kwenye kura ya kawaida, na silaha yenyewe ni kutofika.

Kisha rudi kijijini hapohapo uongeze mtu wa tatu, ambaye wengi humsahau: anayetaka kujitenga kwa moyo wote, amejiandikisha, lakini siku yenyewe ana homa, au hana nauli, au yuko njiani na mzigo. Karani wa kituo hajui sababu yake. Nimekaa kwenye vituo jioni ya kufunga, na nakumbuka jinsi karani anavyoshuka na rula mstari kwa mstari, akihesabu majina yasiyotiwa alama. Aliyesusia na aliyekwama barabarani huonekana sawa pale: mstari mtupu. Huo ndio mstari baba yako aliokataa kuuacha.

Kwa hiyo aliposema "nimempa adui kura", alikosea kidogo tu. Aliyejiandikisha asifike hakuhesabiwa kama kura ya umoja, na hakupunguza asilimia ya waliochagua kujitenga. Alichofanya ni kuinua kizingiti cha akidi. Kila majina matano yaliyoingia daftarini yalidai watu watatu zaidi wafike. Kwenye kura ya kawaida asiyefika hapunguzi kitu. Kwenye kura ile asiyefika akiwa ameandikishwa alipunguza, na asiyeandikishwa hakupunguza. Baba yako alikuwa dereva, lakini tofauti hiyo aliiona vizuri kuliko wasomi kadhaa niliowasikia wakiifafanua redioni.

Usidhani hofu hii aliizua mwenyewe garini. Asilimia 60 ilikuwa matokeo ya mvutano mrefu. Chama cha NCP kilichotawala Khartoum kilitaka viwango vya juu zaidi, SPLM, chama kilichoongoza kusini, kikataka vya chini, na wakakutana hapo. Kisha ukaja ugomvi wa mahali pa kupigia kura, ambao unagusa moja kwa moja watu wa nje. Tarehe 22 Desemba 2009 wabunge wa SPLM walitoka nje ya ukumbi baada ya kubadilishwa kifungu kilichowataka baadhi ya wakusini waliokaa nje ya kusini warudi kusini kupiga kura. Kifungu kilirudishwa na sheria ikapitishwa tena tarehe 29. Kwa nini watu wagombee mahali pa kupigia kura kiasi hicho? Kwa sababu kila upande ulijua vita iko kwenye daftari. Wakusini waliogopa kwamba kaskazini, ambako hawakuwa na macho ya kutosha, majina yangeweza kujazwa kwa wingi halafu wenye majina wasionekane tena. Ndiyo maana ujumbe wa SPLM kwa watu wao waliokuwa kaskazini ulikuwa: rudini nyumbani mkajiandikishe, na kama huna hakika utafika kituoni Januari, usiandike jina. Mwishowe kaskazini waliandikishwa takriban watu 116,000 tu, ingawa wakusini walioishi huko walikuwa wengi mno kuliko hao. Maneno ya baba yako ni mwangwi wa ujumbe huo, uliofika hadi kwa madereva wa mpakani Malaba.

Nakuja kwenye Juba, kwa sababu naona hapo ndipo baba mdogo anapoumia zaidi. Mtu alikuwa Juba kwenyewe, foleni mbele ya macho yake, akapita na lori! Ukiisikia hivyo inachoma. Lakini uandikishaji ulianza tarehe 15 Novemba 2010, ukaongezewa wiki moja, ukafungwa tarehe 8 Desemba. Kura zilipigwa kuanzia tarehe 9 hadi 15 Januari 2011. Katika wiki hiyo hakuna mtu aliyeweza kuandikishwa, awe nani, awe ametoka wapi. Na aliyeandikishwa alipiga kura kwenye kituo kilekile alichojiandikishia, si kingine. Ingekuwa baba yako alijiandikisha Nairobi pamoja na mama yako, bado asingeweza kupiga kura Juba. Angesimama nje ya uzio wa kaburi la John Garang, mwasisi wa SPLM, ambako kiongozi wa kusini Salva Kiir alipiga kura yake siku ya kwanza, na kadi ya Nairobi mfukoni, na wangemrudisha. Jina lake kule Nairobi lingebaki mstari mtupu.

Dereva wa masafa hajui mzigo wa Januari utamkuta wapi. Mama yako alijua atakuwa Thika. Wakaandikisha mmoja ambaye hana shaka atafika, na asiye na hakika akawa wa kumpeleka. Kwa kanuni zilizokuwepo, familia haikuwa na mpango bora kuliko huo.

Sasa swali lako la pili, kama watu kama yeye waliihatarisha akidi. Hapa takwimu zinasema waziwazi. Daftari lote lilikuwa na watu 3,947,676. Asilimia 60 yake ni watu 2,368,606. Siku ya nne ya kupiga kura, tarehe 12 Januari, SPLM ilitangaza kwamba kizingiti kimeshavukwa, na bado zilikuwa zimebaki siku tatu. Matokeo ya mwisho yalitangazwa tarehe 7 Februari: waliopiga kura walikuwa 3,851,994, sawa na asilimia 97.58 ya walioandikishwa. Waliochagua kujitenga walikuwa 3,792,518, yaani asilimia 98.83 ya kura halali. Waliochagua umoja walikuwa 44,888.

Waliojiandikisha wasipige kura, katika nchi zote, walikuwa 95,682. Ili akidi ianguke, wangehitajika zaidi ya milioni moja na nusu kama hao. Na walioandikishwa nje ya Sudan nzima walikuwa takriban 60,000, katika nchi nane: Kenya, Uganda, Ethiopia, Misri, Uingereza, Marekani, Kanada na Australia. Hao ni kama asilimia moja na nusu ya daftari. Hata wote wangekaa nyumbani, akidi ingetimia na kubaki na ziada kubwa. Kwa hiyo hapana, baba yako hakuihatarisha kura ile, wala wenzake wote waliofanya kama yeye hawakuihatarisha.

Ila nisimtendee haki marehemu kwa kumdhulumu aliye hai. Takwimu hizi tunazijua leo. Novemba 2010 hakuna aliyezijua. Aliyejiandikisha wakati ule akavumilia safari mbili, ya kwanza kuandikwa na ya pili kupiga kura, alikuwa akibeba mzigo wa kweli. Vituo vya nje vilikuwa vichache. Marekani, kwa mfano, aliyekaa karibu na Omaha alikuwa na nafuu, lakini wengine waliendesha magari saa nyingi mara mbili, katikati ya baridi. Brisbane ilikumbwa na mafuriko makubwa wiki ileile ya kura, hadi siku za kupiga kura zikaongezwa kule. Kama baba mdogo alikuwa mmoja wa waliosafiri hivyo, ana haki ya kujivunia, na pengine uchungu wake unatokea hapo. Na kulikuwa na hasara katika uamuzi wa baba yako, tusiifiche. Kura ilikuwa na kazi mbili. Moja ni ya hesabu. Nyingine ni kushuhudia: mtu aliyefukuzwa kwao akiwa kijana anasimama mbele ya karatasi yenye picha ya mkono mmoja uliofunguka, maana yake kujitenga, na ya mikono miwili iliyoshikana, maana yake umoja, kisha anabonyeza kidole gumba. Kazi hiyo ya pili baba yako aliikosa. Nina hakika alilijua hilo aliposimama Juba akitazama foleni.

Je, angeweza kufanya vingine? Njia zilikuwepo mbili. Angeweza kujiandikisha Nairobi halafu amwombe mwenye lori asimpe safari ndefu wiki ya pili ya Januari. Au, kama angekuwa na mzigo wa Juba kati ya Novemba na Desemba, ajiandikishe hukohuko akitumaini atarudi Januari. Ya kwanza ilitegemea huruma ya mwajiri, ya pili ilitegemea bahati ya mizigo. Mimi binafsi ningemshauri ajaribu ya kwanza, kwa sababu wiki nzima ya kupiga kura ni muda mrefu kuliko wanaopewa wapiga kura wengi duniani. Lakini aliyesema "sina hakika, kwa hiyo sitaandika jina" sithubutu kumwita msaliti.

Kuna mifano ya nchi nyingine itakayokusaidia kuona kwamba kanuni ndiyo huamua kutofika kwako kuna maana gani. Uskoti, Machi 1979, watu waliulizwa kama wanataka bunge lao. Sheria ilidai waliosema ndiyo wafikie asilimia 40 ya wapiga kura wote wa daftarini. Ndiyo ilipata asilimia 51.6 ya kura, lakini ilikuwa asilimia 32.9 tu ya daftari, na bunge halikuundwa. Hapo kila jina lililobaki bila alama lilifanya kazi ya kura ya hapana moja kwa moja. Yale maneno ya baba yako yangekuwa sahihi neno kwa neno pale Uskoti.

Montenegro, tarehe 21 Mei 2006, kanuni ilikuwa nyingine: zaidi ya nusu ya walioandikishwa wafike, na ndiyo ipate asilimia 55 ya kura halali. Ilipata 55.5. Ukipiga hesabu, ni kama kura elfu mbili juu ya mstari. Watu waliokuwa wakifanya kazi nje walirudi kwa ndege na kwa treni kuja kupiga kura, na katika mwanya mwembamba kiasi kile, aliyebaki ughaibuni akijisemea kwamba kura yake ni tone baharini alikuwa akijidanganya. Huko ndiko ningemkemea mtu kwa kutosafiri.

Na hapo mlipokuwa mkiishi, Kenya, tarehe 4 Agosti 2010, miezi mitatu tu kabla ya mama yako kwenda kujiandikisha, wananchi walipiga kura ya katiba mpya. Majirani zenu wa Thika waliobaki nyumbani siku ile hawakumwinulia mtu kizingiti chochote. Ndiyo maana mtu aliyezoea kura za Kenya humwona baba yako kama aliyekwepa. Anaipima kura ya Sudan Kusini kwa rula ya nchi nyingine.

Kutokana na hapo nina ombi kwako, na nalisema kwa uzito. Busara ya baba yako ilikuwa ya kura moja, yenye kanuni moja. Msiirithi kama wosia. Nimewasikia vijana wa Sudan Kusini walioko nje wakisema, "Wazee walituambia usijiandikishe kama huna hakika." Uchaguzi mkuu wa Sudan Kusini, uliokuwa ufanyike Desemba 2024 ukaahirishwa hadi Desemba 2026, ni uchaguzi wa kuchagua viongozi, si kura ya maoni ya kujitenga, na akidi ile ya asilimia 60 ilikwisha pamoja na kura yake. Siku mtakapopewa nafasi ya kujiandikisha mkiwa nje, swali la kwanza kumuuliza karani liwe hili: je, kuna kiwango cha waliofika kinachotakiwa, na kinahesabiwa kutoka kwa nani? Akijibu kwamba hakuna, jiandikisheni hata kama mna shaka ya kufika. Mkikwama mtakuwa mmekosa kura zenu tu, hamtakuwa mmemharibia mtu. La pili la kumuuliza ni kama mtu anaweza kupiga kura kwenye kituo tofauti na alichojiandikishia. Mara nyingi jibu huwa hapana, na mtu aliyehama mji kati ya miezi hiyo hulijua akiwa ameshafika mlangoni.

Nimalizie na uraia, ambao ndio unaohitaji hatua.

Sheria ya Uraia ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 haiulizi kama mzazi wako alipiga kura. Inauliza asili. Anayestahili kuwa raia kwa kuzaliwa ni yule ambaye mmoja wa wazazi wake, babu au bibi zake, au wazazi wa babu na bibi zake, kwa upande wa mama au wa baba, alizaliwa Sudan Kusini, au yule anayetokana na mojawapo ya jamii za asili za huko. Baba yenu alizaliwa Torit. Hilo ndilo la kuthibitisha. Watu huchanganya kwa sababu sheria ya kura ya maoni nayo ilitumia vigezo vya asili vinavyofanana na hivi, pamoja na ile tarehe ya 1 Januari 1956, siku Sudan ilipopata uhuru. Vigezo vinafanana, lakini daftari la kura halikuwa daftari la uraia. Wapo wengi ambao hawakujiandikisha, wakiwemo waliokuwa watoto, na leo wana pasi za Sudan Kusini.

Uthibitisho kwa kawaida hutegemea karatasi mlizo nazo pamoja na ushuhuda wa wazee au machifu wanaoujua ukoo wenu. Hapa baba mdogo ni mtu muhimu mno kwenu kuliko mnavyodhani. Yeye ni ndugu wa damu wa marehemu, anajua kijiji, anajua majina ya babu na wazazi wa babu. Nasema hivi kwa sababu sipendi ugomvi wa matanga uwagharimu shahidi.

Lakini kabla hujaenda ubalozini, simama kwanza. Umesema mna kadi za ukimbizi. Mkimbizi kisheria ni mtu asiyeweza kutegemea ulinzi wa nchi yake. Akienda mwenyewe kwa hiari kuomba pasi ya nchi hiyo, inaweza kuchukuliwa kwamba ameurudia ulinzi wake, na hali yake ya ukimbizi ikaweza kukoma. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 unaitaja sababu hiyo waziwazi. Kwa mmoja wenu mwenye kazi na nia ya kuhamia Juba huenda hilo lisiwe tatizo. Kwa mdogo wako anayesoma kwa msaada unaotegemea ile kadi, inaweza kuwa pigo. Na kama mama yenu au yeyote kati yenu ana njia ya kupata uraia wa Kenya, hesabu inabadilika tena. Haya siwezi kuyaamua kutoka mbali. Yanahitaji mtu atakayezishika karatasi zenu mkononi, mmoja mmoja. Nendeni ana kwa ana kwa ofisi ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, au kwa wanasheria wanaotoa msaada wa bure kwa wakimbizi Nairobi, kila mmoja wenu aulize kivyake, na msisaini fomu yoyote ya ubalozi kabla ya hapo. Akitokea mtu wa kuwaambia atawatolea pasi haraka kwa ada bila maswali, ondokeni.

Mkienda, chukueni cheti cha kifo cha baba, karatasi yoyote ya zamani yenye jina la Torit, hata ya shule au ya kanisa, na vitabu vyake vya safari kama vipo. Na mwulizeni mama kama bado anayo ile kadi ya kujiandikishia aliyopewa Nairobi mwaka 2010. Si hati ya uraia na haiwezi kusimama peke yake. Lakini ili aipate, ilibidi atambuliwe kwamba asili yake ni Sudan Kusini, tena wakati nchi hiyo ilikuwa bado haijazaliwa. Mwanasheria atataka kuiona. Msiitoe mikononi mwenu kabla ya kuipiga nakala.